Maswali kwa Mfamasia: Mafuta ya Pasili Hayana Kila Kilichomo Katika Pasili

Barua zinazouliza kuhusu mafuta ya pasili zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu yote ya toleo hili nimeitenga kwa ajili yake. Nimechagua saba, nikayaacha majina ya waandishi kwa kuwa baadhi ya maswali ni ya faragha, na nimezifupisha bila kubadili maana. Pasili ninayoizungumzia ni mmea ambao wanabotania huuita Petroselinum crispum, wenye majani ya kijani kibichi ambayo huwa ama yamejikunja ama yamenyooka. Wengi huuchanganya na giligilani, ambayo majani yake huitwa kotmiri. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na karoti, selari, shamari na bizari nyembamba, lakini mafuta yake hayafanani, na aliyenunua moja akidhani ni jingine hawezi kutegemea maelezo yangu hapa.

Mama Mfamasia, shikamoo. Daktari alinishauri nile mboga za majani kwa wingi, na pasili ndiyo niipendayo kuliko zote. Kwa kuwa majani huharibika upesi, nilinunua kichupa kilichoandikwa "mafuta muhimu ya pasili". Nikitia matone matano katika glasi ya maji kila asubuhi, nitapata vitamini zilezile?

Marahaba, mwanangu. Hutazipata, na matone hayo nakuomba uyaache leo.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Neno "muhimu" katika "mafuta muhimu" limewafanya watu wengi waamini kwamba mwili unayahitaji, kama unavyohitaji maji au chumvi, ilhali walioliita hivyo walikusudia kusema kwamba mafuta hayo hubeba kiini cha harufu ya mmea. Mimi hupendelea kuyaita mafuta tete, kwa sababu ndivyo yalivyo: ni mafuta yanayopeperuka upesi kuwa mvuke, na ukiyadondosha kwenye karatasi nyeupe, sehemu yake kubwa hutoweka, tofauti na mafuta ya kupikia ambayo huacha doa la kudumu.

Sasa fikiria namna yanavyopatikana. Mbegu au majani huwekwa katika mtambo, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake, na mvuke huo hubeba kila kinachoweza kupeperuka, kisha hupozwa hadi ukarudi kuwa maji yenye utando wa mafuta juu yake. Utando huo ndio unaotiwa katika kichupa. Kazi hii huitwa kukeneka. Kisichoweza kupanda na mvuke hubaki ndani ya mtambo, na hapo ndipo hubaki karibu kila kitu ambacho daktari wako alikuwa nacho akilini: vitamini C, ambayo katika gramu 100 za pasili mbichi hufikia takriban miligramu 130; vitamini K, ambayo katika kiasi hicho hicho cha majani huzidi mikrogramu 1,600, yaani zaidi ya mara kumi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku; folati, madini ya chuma, nyuzinyuzi, na ile rangi ya kijani yenyewe. Kichupani kunaingia harufu na kemikali chache zinazoambatana nayo.

Tena zinaingia kwa wingi ambao hakuna mlaji wa mboga anayeufikia. Majani ya pasili hutoa mafuta machache mno, chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo kilo moja ya mafuta ya majani hudai mamia ya kilo za majani. Mbegu ni tajiri zaidi, na hutoa kati ya asilimia 2 na 7 hivi. Unapohesabu matone matano usiyahesabu kama matone. Yahesabu kama rundo la mboga lililoondolewa kila chenye lishe na kuachiwa kile ambacho mmea hukitumia, pamoja na mambo mengine, kuwafukuza wadudu.

Jambo la mwisho kwako ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji. Matone yataelea juu ya glasi, na yatafika kwenye ulimi na koo yakiwa makali vilevile kama yalivyotoka kichupani. Kula majani. Yakianza kunyauka, yaoshe, yakate, uyagandishe kwenye friji. Yatapoteza uzuri wa sura, lakini sehemu kubwa ya ladha na lishe yake itabaki.

Ninavyo vichupa vitatu. Kimoja kimeandikwa "mbegu", cha pili "majani", na cha tatu kimeandikwa "yaliyokamuliwa bila moto", nacho ni kizito kama mafuta ya kula. Je, ni kitu kimoja kwa bei tofauti?

Ni vitu vitatu, na swali lako ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ajali nyingi hutokana na mtu kusoma maelezo ya kimoja akatumia kingine.

Mafuta tete ya mbegu ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi. Ndani yake hutawala kemikali mbili ambazo zitatajwa tena na tena katika safu hii, yaani apioli na miristisini, na wakati mwingine kemikali ya tatu iliyo ndugu yao. Ipi kati yao itakuwa nyingi kuliko nyingine hutegemea aina ya mmea: ziko mbegu ambazo mafuta yake ni apioli kwa sehemu kubwa, na ziko ambazo apioli ni kidogo na miristisini ndiyo iliyojaa. Kwa macho na kwa pua huwezi kuzitofautisha. Miristisini hiyo ndiyo ile ile inayopatikana katika kungumanga, na aliyewahi kusikia habari za watu waliougua kwa kula kungumanga kupita kiasi ataelewa kwa nini naitaja kwa tahadhari.

Mafuta tete ya majani huwa mepesi zaidi na harufu yake inakaribia ile ya mboga yenyewe. Yana apioli na miristisini pia, ila kwa kawaida kwa kiasi kidogo, na sehemu kubwa inayobaki ni kemikali za jamii ya terpeni, zile zinazofanya majani yaliyokatwa yanukie vile. Mepesi zaidi haina maana ya kwamba hayana madhara.

Hayo ya tatu yaliyokamuliwa si mafuta tete hata kidogo, bali ni mafuta mazito ya mbegu, ambayo yana asidi ya mafuta iliyopewa jina la mmea huu wenyewe, asidi ya petroseliniki. Kwa kuwa hayakupita kwenye mvuke, hubeba pia vitu ambavyo mvuke haubebi. Huchukua vilevile sehemu ya mafuta tete ya mbegu, na ndiyo maana hunukia. Kuna na aina ya nne ambayo hukuitaja: majani yaliyolowekwa katika mafuta ya kula, kama vile mafuta ya zeituni, kisha yakachujwa. Hayo ni chakula, mradi yatumiwe upesi na yakae kwenye friji, kwa sababu mimea mibichi iliyozama ndani ya mafuta inaweza kukuza bakteria wa sumu inayoitwa botulini.

Kichupa cha kuaminika hukuonyesha jina la kibotania, sehemu ya mmea iliyotumika, na namna mafuta yalivyopatikana. Kikikosa kimojawapo, mimi sikinunui.

Nimechelewa kuona siku zangu kwa wiki mbili. Rafiki yangu amenipa mafuta ya mbegu za pasili na kunihakikishia kwamba nikinywa matone machache kila siku zitarudi, kwa kuwa ni dawa ya asili na haina madhara. Sijayanywa bado. Nishauri kama mama.

Nashukuru kwamba uliandika kabla ya kunywa, na kwa sababu hii ndiyo barua iliyo nzito kuliko zote nitaijibu kwa urefu.

Rafiki yako hakubuni jambo hilo. Sifa ya pasili kuhusu hedhi ni ya kale, na ina historia iliyoandikwa. Mwaka 1715, Heinrich Christoph Link, mtengeneza dawa wa mji wa Leipzig nchini Ujerumani, aliona fuwele za kijani zikijitenga ndani ya mafuta ya pasili aliyoyakeneka. Hiyo ndiyo apioli, ambayo kwa muda mrefu iliitwa kafuri ya pasili. Mwaka 1855 Wafaransa wawili, Joret na Homolle, waliitangaza kuwa dawa ya wanawake waliokosa hedhi, na tangu hapo vidonge vya apioli viliuzwa katika maduka ya dawa ya nchi nyingi kwa miongo kadhaa. Kila mtu alijua, ingawa haikuandikwa kwenye kopo, kwamba wengi wa walionunua hawakuwa na tatizo la hedhi bali walikuwa na mimba.

Kilichofuata ndicho ambacho rafiki yako hakuambiwa. Apioli haina njia ya kuufikia mfuko wa uzazi peke yake. Inapita kwanza kwenye ini na figo, na kiasi kinachotosha kulisumbua tumbo la uzazi ndicho kiasi kinachoviumiza viungo hivyo viwili. Wanawake walitapika, wakatokwa damu, wakageuka manjano ngozi na macho kwa sababu ini limeharibika, wakakosa mkojo kwa sababu figo zimesimama, na baadhi yao walikufa, na si wote waliokufa ambao mimba yao ilikuwa imetoka. Madaktari walioandika habari za wagonjwa hao hawakueleza sumu iliyotokana na uchafu wa dawa. Walieleza sumu ya apioli yenyewe.

Halafu uchafu nao ukaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika nchi kadhaa za Ulaya, vidonge vya apioli vilivyochanganywa na kemikali ya viwandani ya jamii ya fosfati za kresili viliwapooza wanawake miguu, na wengine mikono, kwa kuwa kemikali hiyo huharibu neva. Nalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo halijabadilika: anayenunua kwa siri hana wa kumuuliza kilichomo ndani.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na hapana hiyo haina kipimo kidogo kilicho salama. Kuchelewa kwa hedhi kwa wiki mbili ni dalili, na kuna mambo mengi yanayoweza kuisababisha: mimba, msongo wa mawazo, kupungua au kuongezeka uzito kwa ghafla, matatizo ya tezi ya shingo, uvimbe wa vijifuko kwenye ovari, baadhi ya dawa, au umri unaokaribia kukoma hedhi. Anza na kipimo cha mimba cha mkojo, ambacho katika wiki ulizofikia hutoa jibu la kuaminika. Kikiwa hasi na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki moja na umwone daktari. Kikiwa chanya, mwone daktari au mkunga vilevile, hata kama hujaamua wala hujamwambia mtu yeyote. Anayo wajibu wa kukutunzia siri yako, na msaada wowote utakaochagua utakuwa salama zaidi ukitolewa na mtu anayeweza kukuhudumia damu ikitoka kupita kiasi. Na kama kuna siku uliyonywa kidogo ukaona haya kuniandikia, mwambie huyo daktari jina la mafuta na kiasi, ili akupime ini na figo.

Wajawazito watatu wengine wameniuliza swali linalokaribiana na hili. Mmoja anakula majani ya pasili kama kiungo cha mchuzi: endelea, kiasi cha kiungo hakina tatizo, ila usiyafanye kuwa juisi ya kunywa vikombe kila siku. Wa pili anapakwa mafuta tete ya mbegu mgongoni: acha, kwa kuwa ngozi hupitisha sehemu ya mafuta hadi kwenye damu. Wa tatu alikaa nusu saa katika chumba kilichokuwa na kifukizo cha mafuta hayo na sasa halali kwa hofu. Dada yangu, lala. Kupita kwenye harufu si sawa na kumeza. Zima kifukizo, fungua madirisha, na usikirudie hadi utakapojifungua na kumaliza kunyonyesha.

Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka 68, nina shinikizo la damu na miguu huvimba jioni. Nimesoma kwamba pasili hukojosha na husafisha figo. Natumia vidonge vya kupunguza maji mwilini na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Je, mafuta ya pasili yanaweza kuchukua nafasi ya kidonge kimoja?

Shikamoo, baba. Hayawezi, na kwako wewe hata majani yanahitaji hesabu.

Uliyoyasoma yana msingi, lakini yamehamishwa kutoka kwenye kitu kimoja hadi kingine. Tume ya Ujerumani iliyochunguza mitishamba, ile iitwayo Kamisheni E, iliruhusu majani na mizizi ya pasili, kiasi cha gramu 6 kwa siku, kusaidia kusukuma mkojo pamoja na kunywa maji mengi kwa wenye changarawe za figo. Tume hiyo hiyo ilizikataa mbegu, kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani yake. Na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2002, ambayo hutajwa sana na wauzaji, yalitumia mbegu zilizolowekwa katika maji, na panya wale walikojoa zaidi kwa sababu figo zao zilirudisha chumvi kidogo mwilini. Mafuta tete hayakuwa sehemu ya jaribio hilo. Mafuta yenyewe huweza kuongeza mkojo kwa kuzichokoza figo, na kiungo kinachofanya kazi kwa kuchokozwa hakisafishwi. Mtu mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo hapaswi kabisa kuyameza.

Kuhusu warfarini, hapa ndipo watu wawili wanaweza kukupa majibu yanayopingana na wote wakawa sahihi. Majani yana vitamini K nyingi, na vitamini hiyo huidhoofisha warfarini, hivyo ukianza ghafla kula bakuli za pasili damu yako inaweza kuganda. Mafuta tete hayana vitamini K, kwa maana haipandi na mvuke, lakini yanaweza kulisumbua ini, na ini ndilo linaloivunja warfarini. Kwa hiyo kula majani kwa kiasi kilekile wiki baada ya wiki, usipunguze wala usiongeze bila kumweleza anayekupima damu, na mafuta usiyaguse. Miguu inayovimba jioni mwambie daktari wako hata kama unadhani ni ya uzee.

Je, mafuta ya pasili yanafaa kwa kukandia misuli, kuondoa alama za michubuko usoni, na kujaza nywele?

Kuhusu nywele na alama za uso, sijaona ushahidi wa kunifanya nimshauri mtu atumie pesa zake. Kukanda misuli husaidia kwa sababu ya kukandwa, na mafuta yoyote laini yatatosha.

Ukiamua hata hivyo kuyatumia kwenye ngozi, na huna mimba, hunyonyeshi, na ini lako ni zima, usiyapake kamwe bila kuyazimua. Mililita moja ya mafuta tete ina matone 20 hivi, ingawa midomo ya vichupa hutofautiana. Kwa mafuta mengi ya kunukia watu huanza na asilimia 1, yaani matone 6 katika mililita 30 za mafuta laini kama ya nazi au ya ufuta. Kwa pasili mimi husema nusu yake, matone 3, tena kwa sehemu ndogo ya mwili na kwa siku chache. Sababu yangu ni kwamba apioli na miristisini zina umbo linalokaribiana sana na safroli, kemikali ambayo Marekani iliizuia isiongezwe kwenye vyakula mwaka 1960 baada ya kuwasababishia panya saratani ya ini, na miristisini yenyewe imeonekana maabara ikijishikiza kwenye vinasaba vya chembe za mwili. Hilo halithibitishi kwamba mafuta ya pasili humpa mtu saratani. Linatosha kunifanya nisiyaweke katika kitu cha kupakwa kila siku kwa miaka.

Kabla ya kupaka, dondosha kidogo cha mchanganyiko upande wa ndani wa mkono, funika, usubiri siku moja. Mwenye mzio wa selari, karoti au shamari asijaribu bila daktari kujua, kwa sababu mwili ulioizoea mizio ya ukoo huu mara nyingi hauchagui ndugu. Na kuhusu jua: mmea wa pasili una kemikali zinazoifanya ngozi iungue kwa urahisi ikipigwa na jua, zinazojulikana kama furanokumarini. Ni nzito na kwa kawaida hazipandi na mvuke kwa wingi, lakini zinaweza kuwamo katika mafuta yaliyokamuliwa au yaliyotolewa kwa viyeyusho. Kichupa kisichosema kilivyotengenezwa kichukuliwe kuwa kinazo.

Mtoto wa dada yangu alifungua kichupa akanywa. Tulimpeleka hospitali na yuko salama, lakini tulibishana njiani kama tungemtapisha. Pia nina paka, na nasikia harufu hizi humdhuru.

Asiyetaka atapishwe ndiye aliyekuwa sahihi. Mafuta tete ni mepesi, na mtoto anapotapika hupita kwa urahisi kwenye njia ya hewa na kuuvimbisha mapafu. Mara nyingi hilo ndilo linalomlaza mtoto wodini. Futa kinywa chake, usimlazimishe kunywa chochote, mpeleke hospitali hata kama anacheza, na uchukue kichupa chenyewe. Mafuta yakiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Yakimwagika kwenye ngozi, yafute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, ndipo utumie sabuni na maji, kwa kuwa maji peke yake huyatandaza tu.

Paka wako hana vimeng'enya vya kutosha kwenye ini vya kuziondoa kemikali nyingi za aina hii, na hujilamba manyoya, kwa hiyo kinachotua juu yake humezwa. Ndege wa kufugwa nao ni dhaifu kwa mvuke. Kama lazima ufukize, mnyama awe na mlango wa kutokea.

Yanatumika wapi basi, ikiwa kila kitu unatukataza? Na kichupa changu kimeganda chini fuwele nyeupe tangu nilipokiweka kwenye friji. Kimeharibika?

Yanatumika sana, ila mara chache na mtu mmoja mmoja nyumbani. Watengenezaji wa soseji, supu za pakiti, michuzi na achari huyatia kwa kiasi kidogo mno, cha kupimwa kwa miligramu katika kilo ya chakula, kwa sababu mafuta hayachukui udongo wala hayanyauki kama majani, na ladha ya leo hufanana na ya kesho. Watengenezaji wa manukato huyatumia kuipa manukato harufu ya majani na viungo, nao hufanya kazi kwa mizani, si kwa kubahatisha matone. Nyumbani naona matumizi mawili tu ninayoweza kuyatetea: tone moja katika kifukizo, kwa muda mfupi na dirisha likiwa wazi, na mchanganyiko ule uliozimuliwa nilioutaja kwa anayependa harufu yake.

Kichupa chako huenda hakijaharibika. Apioli huyeyuka karibu na nyuzi 30, hivyo mafuta ya mbegu yenye apioli nyingi huganda yakipata baridi, na fuwele unazoziona ni kile kile alichokiona Link mwaka 1715. Kishike kichupa kiganjani au kiweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, zitayeyuka. Kwa maana nyingine umepata kipimo cha bure: mafuta yako ni ya mbegu na yamejaa apioli, hata kama karatasi ya nje haikusema, kwa hiyo yashike kwa tahadhari yote niliyompa yule aliyechelewa siku zake.

Dalili ya kuharibika ni nyingine. Mafuta yaliyokaa na hewa na mwanga hupoteza ule ukijani wa harufu, yakaanza kunukia kama kiyeyusho cha rangi na kuwa mazito mdomoni mwa kichupa. Yakifika hapo huwasha ngozi zaidi kuliko yalipokuwa mapya. Yaweke kwenye kioo cheusi, kizibo kikaze, mahali pa baridi na pasipofikiwa na mtoto, na uandike tarehe ya kufungua. Ukitaka kuyatupa usiyamwage kwenye sinki: yanyonyeshe kwenye mchanga au karatasi za kufutia, ufunge ndani ya mfuko, uyatoe pamoja na taka ngumu mbali na moto, kwa sababu yanashika moto kwa urahisi.